Msalaba wa Chaki Kabatini

Kitu cha kwanza nilichomwona akikigonga ni keki. Ilikuwa keki ya ubatizo wa mjukuu wa mwenyekiti wa kwaya, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa letu, ghorofa tatu za sukari nyeupe, nasi tumesimama na sahani za karatasi tukingoja ikatwe. Mzee mrefu mwenye sweta la kijivu akaisogelea, akakunja kidole, akaigonga ubavuni mara mbili na kutega sikio. Kisha akaninong'oneza mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa karibu: "Hino ya chini si keki, binti. Ni boksi." Kisu kilipofika chini kiligoma. Lilikuwa boksi kweli, limepakwa sukari vizuri kabisa. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, lakini ndani ya basi nikirudi nyumbani nilijiuliza ni mtu wa namna gani huyu anayekwenda ubatizo kushuku keki.

Tulimwita Mkaguzi. Jina lake limo kwenye daftari la parokia na sina haja nalo hapa. Alikuwa Mgoa wa Mombasa, yaani Mhindi wa asili ya Goa, mjane, anaishi Pickering kwa mwanawe, na kazi aliyoifanya Kenya kabla watoto hawajamleta Kanada ilikuwa kukagua mabehewa ya reli. Treni ikisimama, yeye alitembea kando yake na nyundo ndogo yenye mpini mrefu, akigonga gurudumu moja moja. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa mlio mfupi, "ko", basi. Behewa zima alilichora duara kwa chaki. Bovu alilichora msalaba, na likishapata msalaba halikutoka stesheni hata kama abiria walishapanda na vikapu vyao. Nyundo ile alikuja nayo Toronto, na chaki hazikumwishia mfukoni.

Kwetu Misa ya Kiswahili ni Jumapili moja kwa mwezi. Tunakuja Wakongomani, Warundi, Watanzania, Wakenya wachache, na kila mmoja anaona Kiswahili cha mwenzake kina kasoro. Siku Mkaguzi alipofika mara ya kwanza, mwenyekiti wa kwaya, mzee wa Bukavu mwenye sauti nene, alimsalimia kwa Kiingereza, polepole, kama anavyoongea na daktari. Mzee wa watu akamtazama. "Mbona wanisemesha Kizungu, bwana? Nimekukosea nini?" Tangu hapo mwenyekiti hakumpenda. Haikusaidia kwamba baada ya kila Misa Mkaguzi alimfuata kumsahihisha maneno ya nyimbo, kwa upole, akimshika kiwiko.

Alishuku kila kitu, ila kwa mpangilio wake. Maziwa ya dukani aliyanusa, hakusoma tarehe, kwa sababu tarehe imeandikwa na anayeyauza. Barua yenye maneno "habari njema" juu ya bahasha aliitupa bila kuifungua. Kitu kilichosafishwa karibuni kilimtia wasiwasi kuliko kichafu. "Usafi huu wa leo wa nini?" angeuliza, na ungedhani umekamatwa na maiti ndani ya nyumba. Lakini gari lake mwenyewe hakulifunga hata siku moja, na kulikuwa na mtu mlangoni pa kanisa aliyemwomba nauli ya kwenda kumwona mama yake hospitalini kila Jumapili kwa miaka miwili. Alimpa kila mara. Nilipomwambia, "Mzee, mama gani anayelazwa miaka miwili?" alinikasirikia mimi.

Watu waliokuwa wakinunua magari ya mkononi walimchukua akawakagulie. Hakutoza kitu. Ukimpa chakula alikula, ukimpa bahasha aliirudisha. Hapo ndipo mimi nilipoanza kumshuku yeye. Nimekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, na kambini mtu akikugawia kitu bure, kesho yake huja na karatasi ya kuandikisha majina. Sijawahi kuona cha bure kisichokuwa na kamba nyuma yake. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani kwao, nawaogesha, nawalisha, na hata huko nimeona jinsi watu wanavyoficha mambo huku wanatabasamu.

Mwenyekiti wa kwaya hakuwa na mashaka kama yangu. Yeye alikuwa na uhakika.

"Mi nakuambia, ule muzee anakulaka pande mbili," aliniambia siku moja tukikunja viti. "Kwako anakula chakula, kwa muuzaji anakula feza. Anakataa ya kwanza, anakataa ya pili, unachoka. Kisha anakuleteaka ya rafiki yake."

"Umemwona akipokea?"

"Mwizi unamwona wakati gani, dada?"

Nilimwona mwenyekiti mchongezi, na maneno yake nikayaweka moyoni vilevile.

Basi ikafika zamu yangu ya kumhitaji. Mimi na Mama tulikuwa tumepanga chumba cha chini ya ardhi huko Downsview, nyuma ya maghala, ambako malori hurudi nyuma yakilia tangu alfajiri. Mwenye nyumba akaiuza. Tulitakiwa tuwe tumetoka mwisho wa Oktoba, na kila chumba nilichokwenda kukiona kilikuwa ama cha ghorofa ya tatu bila lifti, na Mama hapandi ngazi, ama cha bei ya kunifanya nicheke mbele ya mwenye nyumba. Lakini nilikuwa na kitu kimoja. Bibi niliyemhudumia nje kidogo ya Pickering alikuwa amefariki, na mumewe, mkulima mstaafu, aliniambia kama nikipata gari la kuishi ndani naweza kuliegesha uwanjani kwake, nichomeke umeme na maji, nikae nipendavyo. Gari la kuishi, yaani lile lenye kitanda, jiko na choo, ambalo Wazungu wazee huenda nalo Florida. Sisi tungelala ndani yake Januari.

Mama ana kifua kibovu. Baridi mbili zilizopita alilazwa kwa homa ya mapafu, na daktari alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau. Kama ningechagua gari bovu, mabomba yangeganda, hita ingezima, na nisingekuwa na pa kumpeleka. Hilo ndilo lililokuwa mbele yangu, wala sikuwa na la pili. Nikaenda kwa Mkaguzi baada ya Misa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wataka nini? Leo umeniamkia kwa heshima mno."

Nikamweleza. Alikikuna kidole chake cha kati ambacho kilivunjika zamani na hakinyooki. "Behewa la kulala winta," alisema. Magari hayo yote aliyaita mabehewa. "Hilo si jambo la mchezo, binti. Mama yako hupika nini?"

Nilidhani anatafuta mwaliko wa chakula. "Maharage, Mzee. Kila siku ya Mungu."

"Vyema. Akayaroweke."

Kumwona akikagua behewa ilikuwa kama kumwona mtu akimhoji mshitakiwa. Muuzaji angefungua mlango na kuanza kusifia kitanda, runinga, viti vya ngozi. Mkaguzi hakuvitazama. Alitandika kadibodi chini, akalala chali kwa suruali yake ya Misa, akajivuta uvunguni. Kutoka huko tulisikia maswali. Tangi la maji safi liko wapi? La maji machafu je? Mbona yananing'inia nje, yatavaa blanketi nani akiyavisha? Mabomba yapita ndani, au yapita ukutani upande wa upepo? Vioo vya madirisha ni kimoja au viwili? Akitoka alianza kugonga: sakafu, kuta, kona za dari, kwa nyundo ile, taratibu, kama daktari na mgongo wa mgonjwa. Mbao nzima ikilia alisema, "Lasema." Mbao iliyooza chini ya zulia ikijibu kwa sauti ya mkate, alisema, "Hapa lanyamaza. Kwani lina siri?"

Kisha ndipo maharage. Madirisha yote yalifungwa, hita ikawashwa, na Mama akabandika sufuria yake kwenye jiko la gesi la mtu asiyemjua. Saa mbili, saa tatu zikapita, sisi tumeketi ndani na muuzaji amesimama nje akiangalia saa. "Wazungu wachemsha mayai humu, dakika nne wamemaliza," Mkaguzi alisema. "Ninyi mwachemsha maharage. Mvuke huo wote waenda wapi? Watafuta ukuta wenye baridi, wageuka maji. Penye maji leo, patakuwa na ukungu mwezi ujao, na mama yako atauvuta." Alizunguka na tochi akitazama behewa linatoka jasho wapi. Nakiri sikuwahi kufikiria jambo hilo. Kuna watu wa kwetu waliokaa katika magari haya wakalaumu paa linavuja, kumbe paa halina kosa, ni chungu chao.

La kwanza lilikuwa na matangi nje. Msalaba. Alichora mahali ambapo muuzaji wala Mama, aliyekuwa na sufuria yake, hawakuona, chini ya rafu ya juu kabisa ya kabati la nguo, na msalaba wake ulikuwa na mkia mdogo chini unaopinda kulia, kwa sababu ya kidole kile. La pili lilinukia maua kama saluni. "Lanukia mno. Laficha nini?" Akainua godoro, na ubao chini yake ulikuwa mweusi. Msalaba. La tatu nililipenda. Mama alilipenda. Matangi ndani ya sakafu yenye joto, vioo viwili, hita iliyonguruma vizuri. Maharage yalipoiva, tone moja lilining'inia kwenye taa ya dari. Tone moja! Aliliangalia kama aliyemwona nyoka, akatoa chaki.

"Mzee, hilo ni tone."

"Ni tone la kwanza."

"Imebaki wiki tatu!"

"Baridi haijui wiki zako, binti."

Nilirudi Downsview nimevimba kwa hasira. Mama alilala njiani na sufuria yake mapajani. Maneno ya mwenyekiti yalinirudia yote: anakataa ya kwanza, anakataa ya pili, unachoka. Nilikuwa nimechoka. Nilikaa nikingoja simu ya Mkaguzi kuniambia anamfahamu mtu fulani mwenye behewa zuri, na niliapa siku hiyo nitamkata kauli.

Simu haikuja. Badala yake nililiona tangazo mwenyewe, gari lililoegeshwa Unionville, na sikumwambia. Tulikwenda mimi na Mama peke yetu, siku ya Jumamosi. Mwenye gari alikuwa mama wa Kihindi aliyevaa koti la manyoya na kandambili. Aliposikia ninavyozungumza na Mama alipiga makofi.

"Jamani, Waswahili! Mnatoka wapi? Kigoma? Mimi mtu wa Dodoma. Karibuni, ingieni, msivue viatu."

Hata hilo lilinitia shaka. Mtu akikufurahia hivyo kabla hujatoa kitu, anakupima. Nilipiga magoti kwenye theluji nyembamba nikatazama uvunguni kama nilivyofundishwa: matangi yalikuwa yamefunikwa. Vioo viwili. Mlango ulikuwa na kidirisha cha duara, na nyuma kabisa, chini ya dirisha, kulikuwa na benchi dogo la watu wawili. Nikagonga kuta kwa kidole. Zote zilikuwa na mlio uleule masikioni mwangu, kwa maana mimi si Mkaguzi.

Mama alikuwa ameketi kitandani, mbele ya kabati la nguo lililo wazi. Ni mfupi, na alikuwa akitazama juu. Ghafla alijifanyia ishara ya msalaba.

"Hii tunachukua," alisema.

"Mama, bado sijaangalia hita."

"Utaangalia nini? Padiri alishapita humu. Tazama musalaba."

Nikainama nikatazama. Chini ya rafu ya juu, kwa chaki iliyofifia, kulikuwa na msalaba. Ninyi mliolelewa Kikatoliki mnaelewa alichokiona Mama. Kila Sikukuu ya Tokeo la Bwana padre hubariki chaki, tunakwenda nazo nyumbani na kuandika misalaba juu ya mlango ili nyumba ikae salama mwaka mzima. Mama amefanya hivyo Fizi, kwetu Kongo, amefanya kambini kwenye mlango wa turubai, amefanya Downsview. Kwake yeye hakukuwa na la kujadili. Nyumba ilishabarikiwa.

Mimi niliuona mkia. Ulikuwa umepinda kulia.

Basi amefika hapa. Analifahamu gari hili na mwenye gari, na ameniacha nihangaike na mengine matatu. Nikamgeukia yule mama. "Kuna mzee Mgoa amewahi kuja hapa? Mrefu, ana nyundo?"

"Nyundo? La, mdogo wangu. Tulilinunua miaka tisa nyuma, na hicho kichaki kilikuwapo. Nilidhani ni alama ya kiwandani."

Nilitoka nje nikampigia simu. Sikumwamkia.

"Mzee, niko Unionville. Kuna behewa lina msalaba wako."

Nilisikia kiti kikiburutwa.

"Mzee, unanisikia? Nani alikulipa?"

"Mlangoni pana kidirisha cha duara?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Na benchi, kule nyuma?"

"Lipo."

Akakata simu. Nilibaki nimeishika, nikijua sasa kwamba mwenyekiti alisema kweli, na nikajisikia vibaya kuliko nilivyotarajia. Tulikubaliana na yule mama turudi kesho yake mchana, nikamtumia mzee ujumbe wa anwani na saa, nipate kusikia uongo wenyewe kwa masikio yangu.

Tulipofika alikuwa ametutangulia. Alikuwa amesimama nje ya behewa na nyundo, hajaingia, na mwenye gari alikuwa akimbembeleza anywe chai. Mkaguzi hakunilaumu wala hakujitetea. Aliingia akaenda moja kwa moja nyuma, akapiga goti mbele ya benchi, akagonga kona ya ukuta chini ya dirisha. Ko. Akagonga upana wa kiganja pembeni. Ikalia. Akagonga juu. Ikalia. Akarudia kuizunguka kona ile, mara tatu, mara nne, kama asiyeamini mkono wake.

"Ni palepale," alisema. "Halikuenea."

"Kona hiyo?" alisema mama wa Dodoma. "Tunaijua. Hulowa kidogo nikipika. Mume wangu aliweka kifeni pale, basi. Alikuwa na kazi ya kupima barabara huko kaskazini, tumelala humu baridi zote tisa. Mpaka miguu yake ilipokataa."

"Zote tisa?"

"Zote tisa, baba. Kule ambako mate yanaganda."

Mkaguzi aliketi sakafuni. Nimeshika wazee wengi wanaoanguka na najua mtu anayekaa kwa hiari na asiyekaa kwa hiari. Nikamshika bega. Ndipo aliposema, akiitazama ile kona wala si mimi.

"Marehemu mke wangu alilitaka hili. Pale kwa mwanangu jiko si lake, ni la mkwe. Alitaka jiko lake, tu. Tulizunguka na kutazama mabehewa miaka mitatu, na kila moja nililipata na ila. Hili alinisihi. Aliketi hapa kwenye benchi, akasema, hapa ndipo tutakapokunywa chai. Nikagonga nyuma ya mgongo wake. Nikamwambia, litaoza kabla ya mwaka kwisha." Akagonga tena, kidogo. "Alikufa baridi ya pili. Jikoni kwa mkwe."

Nilikuwa nimekuja na maneno makali niliyoyapanga tangu Downsview, na sasa yote yalinigeukia mimi. Niliona haya. Lakini, nisidanganye, hata hapo sehemu yangu moja ilikuwa ikiuliza kama hii si njia ya kuuza gari.

Mama akainuka akachukua sufuria yake. Alibandika maharage.

Tulikaa sote wanne kwa muda wa saa tatu katika chumba kile kidogo. Mama wa Dodoma alileta vitumbua. Madirisha yalikaa makavu. Dari ilikaa kavu. Kona ya nyuma ilianza kutoka jasho, upana wa kiganja, na maji yakatambaa mpaka kwenye benchi. Mkaguzi aliyatazama yakishuka. Kisha akainuka, akatoa leso, akaenda kwenye kabati na kunyoosha mkono chini ya rafu ili afute.

"Wacha!" Mama alisema. "Unafuta baraka?"

Mkaguzi alinigeukia. Alikuwa akiniuliza kwa macho kama amweleze Mama maana ya msalaba ule. Nilitikisa kichwa. Akarudisha leso mfukoni.

"Sema basi, Mzee," nilimwambia. "Tulichukue au tusilichukue?"

"Sijui, binti." Sikuwahi kumsikia akisema neno hilo. "Wewe waonaje?"

Nilimwambia mama wa Dodoma tunalichukua. Watu huniuliza kama siku ile nilimwamini Mkaguzi, na jibu langu ni hapana. Niliiamini kona. Kitu ambacho ubovu wake nimeuona, na miaka tisa haukuongezeka, hicho naweza kulala nacho. Baadaye, tulipokwisha kuegesha Pickering na kuzungushia mbao na marobota ya majani makavu chini ili upepo usipite, nilichukua tochi nikapekua kila rafu na kila droo kutafuta duara. Siku ile, kabla hatujaondoka, chaki ilikuwa mkononi mwake, niliiona. Sikupata duara lolote. Niliudhika, kisha nikajiuliza kwa nini naudhika.

Kuhusu la tatu, lile la tone moja, mpaka leo sijui. Yupo dada wa kwaya aliyelinunua. Januari alisema liko sawa, Februari hakusema kitu, nami sikumwuliza. Mwenyekiti bado anasisitiza kwamba yule mama wa Unionville alimkatia mzee chochote. Namwambia anyamaze, na kila nikimwambia hivyo nakumbuka jinsi nilivyopiga simu bila kumwamkia.

Mkaguzi alikuja kututazama mara moja tu majira yale, katika wiki ile ya baridi kali ambayo hata mbwa wa mkulima hakutoka nje. Mwanawe alimshusha akaenda zake. Alipanda ngazi polepole, akishika fremu ya mlango, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba mikono yake ilikuwa mitupu. Hakuja na nyundo. Alivua viatu, akasimama katikati ya behewa na soksi zake, akisikiliza hita ikinguruma, mabomba yakipitisha maji, Mama akikohoa kikohozi chake cha kawaida, kile cha juu, kisichoshuka kifuani.

"Yuwalala vyema?" aliniuliza.

"Analala mpaka anakoroma, Mzee."

Kabati lilikuwa wazi. Mama alikuwa ameongeza msalaba wa mwaka huu, kwa chaki ya padre, pembeni ya ule wenye mkia. Mkaguzi aliinama akaitazama yote miwili, ameweka mikono nyuma, na Mama akasema kwa majivuno kwamba nyumba hii imebarikiwa mara mbili. "Naona," alisema.

Maharage yalikuwa motoni tangu asubuhi. Kifeni nilikuwa nimekizima kwa sababu kinampigia Mama kelele, na kona ya nyuma ilikuwa ikimetameta kwa maji. Nilimvutia mzee kiti karibu na jiko. Hakukikalia. Alikwenda nyuma akaketi kwenye benchi, si katikati, bali upande wa ukutani, akiacha nafasi ya mtu mmoja pembeni yake. Nikampa chai, akaishika kwa mikono yote miwili.

"Mzee, hapo panalowana," Mama alimwambia. "Sogea huku kwa moto."

"Napajua, Mama," alisema. "Mimi ndiye niliyepaona kwanza."

Alikaa palepale mpaka maharage yakaiva, na sweta lake likalowa bega zima.